Tazama Wanaotazama

Mwaka 1953 jarida la katuni la Weird Fantasy, lililouzwa senti 10 kwenye vibanda vya magazeti vya Marekani, lilitoa hadithi fupi ya mwanaanga aliyetumwa kukagua sayari ya roboti. Hadithi inaitwa "Judgment Day". Al Feldstein ndiye aliyeiandika, Joe Orlando akaichora. Mwanaanga huyo, Tarlton, ametoka Duniani kuja kuamua kama sayari ya Cybrinia imekomaa kiasi cha kupokewa kwenye jamhuri kubwa ya sayari. Anavaa kofia ya anga inayomficha uso, na haivui.

Mwenyeji wake ni roboti wa rangi ya chungwa. Anamtembeza kwa fahari: kiwanda hiki, barabara hizi, serikali yetu ya haki. Tarlton anauliza, na wale wa buluu wanatengenezwa wapi? Kumbe wana kiwanda chao, upande wa pili wa mji. Kwenye basi wanapanda nyuma. Tarlton anaomba aonyeshwe ndani ya mashine na anakuta vyuma ni vilevile, nyaya ni zilezile, kinachotofautiana ni gamba la nje tu, na kile chombo kinachomfundisha kila roboti nafasi yake kabla hajatoka kiwandani. Mwenyeji anajitetea kwamba mambo haya aliyakuta, na yeye ni roboti mmoja tu, angefanya nini? Tarlton anawakatalia. Kwenye picha ya mwisho yuko peke yake ndani ya chombo chake, ameshavua kofia. Ni mtu mweusi, na jasho linametameta usoni.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni yule mwenyeji. Si katili. Hajampiga mtu. Ana adabu na maelezo mazuri, na anaona aibu kidogo. Katuni za Marekani zinazochimba uovu wa nchi ile zinapofanya kazi yake sawasawa, humgeukia mtu kama huyu: aliyesimama pembeni, aliyeangalia, aliyesema haya niliyakuta. Damu iliyomwagika iko kwenye vitabu vya historia. Jirani aliyetazama ndiye asiyepatikana kirahisi, na wachoraji wamemtafuta kuliko watu wengine ninaowafahamu.

Kampuni iliyochapisha hadithi hiyo ilikuwa EC, ya William Gaines, aliyeirithi baada ya baba yake kufa kwenye ajali ya boti mwaka 1947. Wengi wanaikumbuka EC kwa maiti zinazofufuka makaburini, na kweli hizo ndizo zilizoleta fedha. Lakini kwenye jarida lao la Shock SuspenStories waliingiza kila mara hadithi moja ya aina nyingine. Ile ya "The Patriots" inaonyesha gwaride la wanajeshi likipita mjini. Mtu mmoja kwenye umati havui kofia bendera inapopita. Mmoja ananung'unika, mwingine anamwita msaliti, wa tatu anarusha ngumi, na mwisho mtu yule yuko chini, amekufa. Ndipo inajulikana kwamba alikuwa kipofu, na upofu wenyewe aliupata vitani akiipigania bendera ileile. Huo ulikuwa mwaka 1952, wakati Seneta Joseph McCarthy akiwasaka wakomunisti na watu wakipoteza kazi kwa kutajwa tu. Magazeti makubwa yalikuwa yakipima maneno. Katuni ya watoto ilisema wazi kwamba uzalendo wa aina hii unaua.

Tarehe 21 Aprili 1954 Gaines aliketi New York mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza uhalifu wa vijana. Seneta Estes Kefauver aliinua jalada la mojawapo ya majarida yake: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono wa pili. Alimuuliza kama hilo lina staha. Gaines akajibu ndiyo, kwa jarida la kutisha lina staha, na akaeleza kwamba lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ionekane ikidondoka shingoni. Jibu lile lilimmaliza. Na mimi nasema Kefauver alikuwa na haki ya kuchukizwa na jalada lile. Kichwa kile hakikufundisha mtu kitu. Mwanamke yule hana jina, hana maisha, yupo ili akatwe.

Tatizo ni kilichofuata. Oktoba mwaka uleule wachapishaji walijiwekea kanuni za maadili, na jarida lisilokuwa na muhuri wa kanuni hizo wasambazaji hawakulibeba. Kanuni zilikataza maneno ya kutisha kwenye majina ya majarida, zikataka wema ushinde kila mara, na zikaweka sharti kwamba polisi, mahakimu na maofisa wa serikali wasionyeshwe kwa namna itakayowavunjia watu heshima ya mamlaka. Lisome sharti hilo ukiwa unaikumbuka Mississippi ya 1955. Agosti mwaka huo Emmett Till, mtoto wa miaka 14, alitekwa usiku, akateswa na kuuawa. Wanaume wawili walioshtakiwa waliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu wanaume, wakati sherifu wa wilaya alikuwa upande wa utetezi. Katuni yenye muhuri isingeweza kusimulia habari hiyo hata kidogo.

Mtu aliyeongoza vita dhidi ya katuni alikuwa daktari wa akili, Fredric Wertham, na habari zake haziruhusu hukumu ya haraka. Mwaka 1946 alifungua kliniki ya Lafargue chini ya kanisa la St. Philip's pale Harlem, mtaa wa Weusi wa New York. Mgonjwa alilipa senti 25, na asiye nazo alitibiwa vilevile. Hospitali nyingi za New York wakati ule hazikuwa na nafasi kwa Mweusi mwenye msongo. Wertham alipima watoto wa Delaware, Weusi na Wazungu, akatoa ushahidi mahakamani kwamba kuwatenganisha shuleni kunawaumiza, na kesi ile ya Delaware ikawa sehemu ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, kesi iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954, wiki chache tu baada ya Gaines kuhojiwa. Daktari huyuhuyu aliyewapigania watoto wa Harlem hakuona kwamba ndani ya rundo alilotaka liondolewe kulikuwa na "Judgment Day". Hili linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu wawili hawa walikuwa upande mmoja.

Gaines alifunga majarida yake karibu yote. Mwishoni mwa 1955, toleo moja likiwa limepungukiwa hadithi, aliamua kuirudia "Judgment Day". Ofisi ya kanuni, iliyoongozwa na hakimu wa zamani Charles Murphy, ilikataa: mwanaanga asiwe mweusi. Feldstein akasema weusi wake ndiyo hadithi yenyewe. Murphy akarudi na sharti jingine, basi jasho liondolewe usoni. Gaines alipiga kelele kwenye simu, akatishia kulipeleka jambo hadharani, na akachapisha hadithi bila kubadilisha chochote. Ikatoka kwenye Incredible Science Fiction la Januari na Februari 1956, na hilo likawa jarida la mwisho la katuni la EC. Wiki hizohizo Weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wakienda kazini kwa miguu, wamesusia mabasi yaliyowakalisha nyuma. Mgomo wao ulichukua siku 381.

Naruka miaka mingi hapa, kwa sababu kitabu ninachotaka kukaa nacho kilitoka 2008. Kinaitwa Incognegro. Mat Johnson aliandika, Warren Pleece, mchoraji Mwingereza, akachora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Mhusika ni Zane Pinchback, mwandishi wa gazeti la Weusi la Harlem, mwenye ngozi nyeupe kiasi kwamba anaweza kwenda Kusini mwa Marekani akapita kama Mzungu na kuandika juu ya watu wanaonyongwa na makundi.

Kazi hiyo ilifanywa kweli. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alikuwa na nywele za dhahabu na macho ya buluu, na alichunguza zaidi ya mauaji 40 ya aina hiyo kwa kujichanganya na wauaji na kuwaacha wajisifu. Mwaka 1919 akiwa Arkansas, baada ya mauaji ya wakulima Weusi wa mji wa Elaine, aligundulika na akakimbilia treni. Kondakta akamsikitikia kwamba anaondoka wakati raha ndiyo inaanza, kwani kuna Mweusi anayejifanya Mzungu na vijana wanamtafuta. White alikaa kwenye kiti chake akamsikiliza.

Kurasa za mwanzo za Incognegro ndizo zilizonifanya nianze kuandika makala hii. Mtu anauawa. Mti upo, kamba ipo, na Pleece hakukwepa. Ila angalia ukurasa umepangwaje. Maiti haikupewa nafasi kubwa. Nafasi wamepewa watu waliokuja. Wamevaa nguo nzuri, kuna watoto, kuna mpiga picha aliyesimamisha kamera yake kama yuko harusini. Zane anajipenyeza katikati yao kama msaidizi wa mpiga picha, na daftari mkononi anaandika majina na anwani za wanaotaka kutumiwa nakala. Wanampa wenyewe, kwa furaha, jina moja baada ya jingine. Kila jina ni la muuaji au la shahidi aliyeridhika, na wote wanadhani wanaagiza kumbukumbu.

Picha za namna hiyo zilikuwepo kweli. Zilichapishwa kama kadi za posta, zikauzwa, watu wakawaandikia ndugu zao nyuma yake na kuzituma. Mauaji haya yanayojulikana kati ya 1877 na 1950 yanazidi 4,000, na picha nyingi tulizo nazo zilipigwa na watu wa upande wa wauaji, kwa macho yao, kwa ajili ya albamu zao. Ukiitazama kadi kama hiyo leo, hata kwa huzuni, umesimama pale walipotaka usimame, na jicho linakwenda kwenye maiti kwa sababu mpiga picha alilielekeza huko. Mchoraji anaweza kukuhamisha. Pleece anakugeuza uangalie nyuso. Na kwa kuwa ngozi za watu wake ni karatasi tupu na mistari michache ya wino, Zane na muuaji aliyesimama kando yake wana weupe uleule wa karatasi, hujui nani ni nani mpaka mtu aambiwe. Watu wale wamekuja kuua kwa ajili ya mstari ambao hauonekani.

Nilikulia Dar es Salaam, kwa hiyo umati naujua. Mtu akipiga kelele "mwizi!" sokoni, dakika mbili baadaye hakuna tena anayeuliza kaiba nini. Kesho yake gazeti litaandika kwamba kijana mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari imeishia hapo. Sisemi ni jambo moja na lile la Kusini mwa Marekani. Kule sherifu mara nyingi alikuwepo na funguo za jela alizitoa yeye, na kusudi lilikuwa kila Mweusi wa wilaya nzima alale na hofu usiku ule. Lakini nikiwa mdogo nilisimama kwenye umati kama huo, nikamwona muuza maji ninayemfahamu akiwa ameshika jiwe, na wanafunzi wakiwa na sare zao za shule wakisukumana wapate kuona. Nyuso hizo hazikunitoka. Ndiyo maana ukurasa wa Pleece ulinishika koo.

Kuna mahali pengine ambapo kamera haikuhudumia wauaji, ilikatazwa tu. Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, wakatolewa majumbani mwao pwani ya magharibi wakafungiwa kambini. Wafungwa hawakuruhusiwa kuwa na kamera. Miné Okubo, msanii wa California, akachora. Kitabu chake, Citizen 13660, kilitoka 1946, wakati wengine walikuwa ndiyo kwanza wamerudi na kukuta mashamba yao yameshachukuliwa. Jina la kitabu ni namba ambayo familia yake ilipewa.

Okubo na mdogo wake wa kiume walipelekwa kwanza Tanforan, uwanja wa mbio za farasi karibu na San Francisco. Makao yao yalikuwa zizi. Zizi lenyewe lilikuwa na urefu wa mita sita hivi na upana usiofika mita tatu, na waliotumwa kulipaka chokaa walipaka juu ya kila kitu: utando wa buibui, manyoya ya farasi, nyasi, vyote vimegandia ukutani vyeupe. Okubo hakuandika kwamba ni unyama. Alichora ukuta, akaeleza ukubwa wa chumba, akajichora yeye mwenyewe amesimama anaangalia. Yumo karibu katika kila picha, mara anashangaa, mara kabana pua kwa harufu, mara anachungulia kwenye ua. Vyoo havina milango. Anawachora wanawake wakihangaika kupata kitu cha kujistiri. Foleni ya chakula, foleni ya kufua, foleni ya barua. Baadaye wakahamishiwa Topaz, jangwani Utah, ambako vumbi lilipenya hadi kwenye matandiko.

Mtu aliyezoea mashujaa wenye vazi la kubana anaweza kukiona kitabu hiki kimetulia mno. Mimi nakihesabu miongoni mwa vitabu vikali zaidi vya katuni vilivyowahi kutoka Marekani, kwa sababu kinaonyesha dhuluma ikiendeshwa na watu wenye mihuri na fomu. Hakuna anayepiga kelele. Kuna karani anayekupa namba, daktari anayekagua koo lako, askari anayefungua mizigo, na kila mmoja angeweza kukuambia kwamba haya aliyakuta. Serikali iliomba radhi mwaka 1988 na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. George Takei, mwigizaji aliyefungiwa akiwa mtoto, alisimulia habari hiyo upya mwaka 2019 katika They Called Us Enemy. Humo kuna watoto darasani wakiapa utii kwa bendera, na maneno ya uhuru na haki kwa wote, huku mnara wa mlinzi uko nje ya dirisha.

Naishi Columbus, Ohio, na Kent, mji wenye chuo kikuu cha Kent State, ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Nilikwenda pale nikiwa na kitabu cha Derf Backderf, Kent State, kilichotoka 2020. Backderf alikuwa na miaka 10 na aliishi eneo lilelile. Anaanza na yeye ndani ya gari la mama yake, wakiwapita wanajeshi wa Gadi ya Taifa, jeshi la akiba la jimbo, waliokuwa wameletwa kwa mgomo wa madereva wa malori. Wanajeshi haohao, bila usingizi wa kutosha, ndio waliohamishiwa chuoni baada ya wanafunzi kuandamana kupinga Rais Nixon kupeleka majeshi Kambodia na jengo la mafunzo ya kijeshi kuchomwa moto.

Tarehe 4 Mei 1970, mchana, kikosi kilipanda kilima, kikageuka karibu na kibanda cha zege, kikafyatua risasi 67 kwa sekunde 13. Wanafunzi 4 walikufa, 9 walijeruhiwa. Sandra Scheuer alikuwa akienda darasani. William Schroeder mwenyewe alikuwa kwenye mafunzo ya kijeshi ya chuo. Nilisimama pale kwenye kibanda nikafungua kitabu, kisha nikateremka taratibu hadi maegesho ya magari. Ni mbali. Scheuer alikuwa zaidi ya mita 100 kutoka kwenye bunduki. Mahali walipoangukia wale wanne pamezungushiwa nguzo fupi za taa, gari haliwezi kuegeshwa juu yake, na magari mengine yameegeshwa kando kama kawaida. Kwenye kilima kuna sanamu ya chuma ya Don Drumm ambayo risasi moja ilipita katikati. Tundu lipo, nililigusa, kingo zake bado zinakwaruza kidole. Backderf amezipima hatua hizo zote na kuziweka kwenye kurasa zake, nani alisimama wapi, mti uko wapi, na zile sekunde 13 anazitandaza ukurasa baada ya ukurasa mpaka unatamani ziishe.

Lakini kinachokipandisha kitabu hicho ni siku nne kabla ya risasi. Tunawaona wale wanne wakifua nguo, wakipiga simu nyumbani, wakigombana na wapenzi wao. Tunawaona na askari, vijana wa rika lilelile, wengine waliojiunga na Gadi ili wasipelekwe Vietnam. Na tunawasikia watu wa mji. Uchunguzi wa maoni uliofanywa siku zilizofuata ulionyesha asilimia 58 ya Wamarekani waliwalaumu wanafunzi, na 11 tu waliilaumu Gadi. Hakuna askari aliyetiwa hatiani. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei mwaka huohuo, polisi walimimina mamia ya risasi kwenye bweni la wasichana la chuo cha Weusi cha Jackson State, Mississippi, wakawaua Phillip Gibbs na James Earl Green, na 12 wakajeruhiwa. Ukiuliza watu hapa Ohio juu ya Kent, wanajua. Jackson huwa nalazimika kueleza tangu mwanzo.

Kijana wangu alileta nyumbani March, kitabu cha kwanza, kwa ajili ya somo la historia. Ni cha John Lewis, aliyekuwa mbunge wa Georgia, aliyekiandika na Andrew Aydin na kuchorwa na Nate Powell. Vitabu vitatu vilitoka kati ya 2013 na 2016, na cha tatu kilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu. Akipokea tuzo hiyo Lewis alilia, akakumbuka kwamba mwaka 1956, akiwa na miaka 16, yeye na ndugu zake walikwenda maktaba ya umma kuomba kadi wakaambiwa maktaba ni ya Wazungu. Mwaka mmoja baadaye shirika la Fellowship of Reconciliation lilichapisha kijitabu cha katuni cha kurasa 16 juu ya Martin Luther King na mgomo wa Montgomery. Bei yake senti 10. Lewis alikisoma, na wenzake wa Nashville walikisoma, na miaka zaidi ya 50 baadaye ndicho kilichomshawishi Aydin kumwambia mzee: andika katuni.

Kijana alinijia na ukurasa wa mazoezi. Wanafunzi wa Nashville wako kanisani wakijiandaa kwenda kuketi kwenye migahawa ya Wazungu. Wanafanyiana mazoezi ya kutukanwa. Rafiki anamvutia rafiki yake nywele, anampulizia moshi usoni, anamwita matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na anayetukanwa anatakiwa akae kimya, amtazame machoni. "Baba, hawa si marafiki? Anawezaje kumwambia mwenzake vile?" Nilimwambia asome mbele. Siku walipokwenda mgahawani kweli, maneno yalikuwa yaleyale, na safari hii yalitoka kwenye midomo ya watu wenye kofia na tai waliokuja kula chakula cha mchana. Powell anaandika matusi yao kwa herufi zinazopinda na kuyeyuka kwenye wino, mara nyingi huwezi kuyasoma vizuri, unaona midomo tu. Kijana alikaa na ukurasa huo muda mrefu. Kisha akauliza kama watu wale bado wako hai. Nikamwambia wengine bila shaka wapo, ni babu za watu.

Truth: Red, White & Black ya 2003, ya Robert Morales na Kyle Baker, nitaitaja kwa kifupi. Inasema ile dawa iliyomtengeneza Captain America, shujaa mweupe wa katuni, jeshi liliijaribu pia kwa askari Weusi, na karibu wote wakafa. Msingi wake ni Tuskegee, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Wasomaji wengine walilalamikia miili mikubwa na nyuso zilizokuzwa za Baker. Mimi naziona zinafaa: watu wale wanavimba kwa dawa ambayo hawakuulizwa.

Baker huyohuyo alichora Nat Turner, juu ya uasi wa watumwa wa Virginia wa Agosti 1831, karibu bila maneno. Humo kuna merikebu ya watumwa na mama anayemtupa mtoto wake baharini asije akafika utumwani. Humo pia kuna shoka kwenye nyumba za Wazungu, na watoto wa Wazungu hawakuachwa nje ya picha. Baker hasemi usikitike upande gani.

Januari 2022 bodi ya shule ya wilaya ya McMinn, Tennessee, ilipiga kura 10 kwa 0 kukiondoa Maus cha Art Spiegelman kwenye mtaala wa darasa la nane. Ni kitabu kinachosimulia habari za baba yake aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kilichopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Sababu zilizotajwa ni matusi machache na mchoro mdogo wa mwanamke asiye na nguo, ambaye ni mama wa mwandishi, amekufa bafuni kwa kujiua. Watu wa bodi walisema hawapingi historia ifundishwe. Naamini walisema kwa moyo. Murphy naye alisema jasho tu. Kitabu kiliuzwa hadi kikaisha madukani, na duka moja la katuni la Knoxville likachangisha fedha ili kila mwanafunzi anayekitaka akipate bure.

Wazazi wenzangu hapa, Watanzania na Wakongo tunaokutana Jumamosi, hawakubaliani nami. Mama mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Kaka, watoto wetu wana ngozi hii hii. Kwa nini uwaonyeshe mapema kwamba watu waliwahi kukusanyika na kushangilia?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu ameona mengi huko alikotoka na anajua anachosema. Nilimpa Citizen 13660 asome mwenyewe kwanza, akarudi akaniomba cha Takei kwa ajili ya binti yake. Kijana wangu ana miaka 13. Amemaliza vitabu vyote vitatu vya March na sasa anasoma Kent State. Msimu wa joto tutakwenda wote pale kilimani. Incognegro nimemwambia asubiri mpaka 16. Nat Turner bado tunabishana mimi na mama yake.